Rubani Mgeni katika Vita vya Wenyeji: Wafanyakazi wa Falcon 50 ya Kanombe na Jalada Walilotuachia

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia utumishi wa Wafaransa watatu walioendesha ndege ya Rais wa Rwanda, Falcon 50 yenye alama za usajili 9XR-NN, hadi ilipotunguliwa juu ya Kanombe usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Watatu hao walikuwa wamepita jeshini kwao, wakaajiriwa na kampuni binafsi kwa fedha za serikali yao, na wakamtumikia mkuu wa nchi nyingine iliyokuwa vitani. Inajengwa hoja kwamba utata huo wa ajira haukuwa jambo dogo la kiutawala. Ndio ulioamua ni mahakama ya nchi gani ingesikiliza shauri la kifo chao, na kwa njia hiyo ukavuruga uhusiano wa Rwanda na Ufaransa kwa miaka mingi.

Nasaba ya marubani wageni

Historia ya vita vya angani katika Afrika ya Mashariki na Kati ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliopigana chini ya bendera isiyo yao. Mwaka 1935 John Robinson, Mmarekani mweusi kutoka Chicago, alikwenda Ethiopia kuutumikia utawala wa Haile Selassie dhidi ya uvamizi wa Italia, akapewa cheo cha kanali. Katika vita hivyohivyo Mswidi Carl Gustaf von Rosen alirusha ndege ya Msalaba Mwekundu. Von Rosen alirudi baada ya Vita Kuu ya Pili kulijenga jeshi la anga la Ethiopia, akapigana upande wa Biafra mwaka 1969, na akauawa huko Gode, Ogaden, mwezi Julai 1977, wakati wa vita vya Ethiopia na Somalia. Robinson naye alifia Addis Ababa mwaka 1954 kutokana na ajali ya ndege. Wote wawili wanakumbukwa Ethiopia kwa heshima.

Roald Dahl ni mfano wa namna nyingine. Kijana huyu wa wazazi wa Kinorwe, aliyezaliwa Wales, alikuwa karani wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, ambako alijifunza Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Alianguka na ndege yake jangwani mwezi Septemba 1940, akapona, akapigana Ugiriki mwaka uliofuata. Dahl anajulikana zaidi ya wenzake kwa sababu moja iliyo rahisi: aliandika habari zake mwenyewe. Marubani wengi wageni hawakuandika. Habari zao ziliandikwa na mahakimu, na mara nyingi waliingia katika maandishi hayo wakiwa watuhumiwa au marehemu.

Katanga inatoa mfano wa watuhumiwa. Jan van Risseghem, Mbelgiji aliyekuwa rubani wa kivita katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliingia katika utumishi wa jeshi dogo la anga la Katanga iliyojitenga. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961 ndege iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola. Saa chache baadaye balozi wa Marekani mjini Léopoldville alituma simu ya maandishi akitaja jina la rubani Mbelgiji, kwa tahajia iliyokosewa, kuwa huenda ndiye aliyeitungua. Van Risseghem alifariki mwaka 2007 bila kushtakiwa, na familia yake inakana. Umoja wa Mataifa uliufufua uchunguzi huo na kumkabidhi Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Kabla ya hapo jaji huyohuyo aliwahi kuongoza kazi ya mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, Arusha, mahakama ambayo haikuwahi kufungua mashtaka kuhusu ndege ya Kanombe.

Watu watatu na ajira yao

Jacky Héraud alikuwa rubani mkuu, Jean-Pierre Minaberry rubani msaidizi, na Jean-Michel Perrine fundi wa ndegeni. Ndege waliyoiendesha ilitolewa na Ufaransa kwa Rais Juvénal Habyarimana. Ilitengenezwa na Dassault, kampuni ileile iliyounda ndege za kivita za Mirage, lakini Falcon 50 ni ndege ya kiraia yenye injini 3, iliyobuniwa kwa wafanyabiashara na viongozi wanaotaka kufika upesi. Haikuundwa kwa ajili ya vita.

Hata hivyo uwanja iliporukia ulikuwa vitani. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF waliingia Rwanda kutoka Uganda. Katika mwezi huohuo jeshi la serikali lilipoteza ndege ndogo ya upelelezi na helikopta ya Gazelle kwa risasi na makombora ya wapinzani wake. Siku chache baada ya tarehe 1 askari wa Ufaransa walishuka Kanombe katika operesheni iliyoitwa Noroît. Kanombe ilikuwa mambo matatu kwa pamoja: uwanja wa ndege wa kimataifa, kambi kubwa ya jeshi yenye kikosi cha makomando wa miavuli, na makazi ya Rais, yaliyojengwa karibu kabisa na mwisho wa mashariki wa njia ya kurukia. Ndege iliyotua kutoka mashariki ilipita karibu juu ya paa la nyumba ya mwenye ndege. Yeyote aliyetaka kuisubiri hakuhitaji ramani.

Mkataba wa wafanyakazi hao ndio kiini cha suala. Hawakuwa askari wa Rwanda. Wala hawakuwa tena askari wa Ufaransa, ingawa huko ndiko walikopata ustadi wao. Waliajiriwa kupitia kampuni binafsi iliyojulikana kwa kifupi kama SATIF, nayo ililipwa na Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa. Kwa mpango huo serikali ya Paris iliweza kumpa rafiki yake ndege na watu wa kuiendesha bila kuhesabu watu hao miongoni mwa majeshi yake. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na Noroît ikafungashwa Desemba ya mwaka huo. Walibaki washauri wachache wa kijeshi waliohesabiwa kwa vyeo na majina, pamoja na watu watatu wa Falcon, ambao hakuna kifungu chochote cha kuondoka kwa majeshi kilichowagusa.

Je, walikuwa mamluki? Neno hilo hutolewa kwa wepesi, na inafaa kulipima. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, katika kifungu cha 47, inamtaka mamluki awe ameajiriwa mahsusi kupigana na awe anashiriki mapigano moja kwa moja. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika dhidi ya umamluki, uliopitishwa Libreville mwaka huohuo, unafuata njia inayokaribiana na hiyo. Kumwendesha Rais kwenda mkutanoni si kupigana. Kwa kipimo cha sheria, basi, hawakuwa mamluki, na kuwaita hivyo ni kuwaonea. Lakini abiria wao alikuwa pia amiri jeshi mkuu wa nchi iliyo vitani, na safari ya mwisho ilimbeba pia mkuu wa majeshi. Sheria inawaona kama madereva. Adui hakuwa na sababu ya kuiona ndege yao hivyo. Pengo hilo kati ya hadhi ya kisheria na hatari halisi ndilo makandarasi wa kijeshi wa leo, wa kila taifa, wanaloishi ndani yake.

Barua ya Februari

Kwamba walilitambua pengo hilo kunathibitishwa na hati moja. Tarehe 28 Februari 1994 Minaberry alimwandikia rafiki yake, rubani mwenzake aliyekuwa Ufaransa. Barua hiyo iliingizwa baadaye katika jalada la mahakama. Ndani yake alieleza wasiwasi kwamba RPF, ambayo tangu mwishoni mwa Desemba 1993 ilikuwa na kikosi chake ndani ya Kigali kwa mujibu wa mkataba wa Arusha, inaweza kuwa na makombora ya kutungulia ndege. Alisema wanatafakari namna ya kupaa na kutua kwa kimo cha chini. Aliomba maelezo ya kitaalamu kuhusu makombora ya kubebwa begani: yanaona kwa pembe gani, yanafika kimo gani, na joto la injini za Falcon linaonekana kwa kiasi gani.

Barua hii imetumiwa na kila upande katika mabishano yaliyofuata. Waliowashutumu RPF waliona humo ushahidi wa nani aliyeogopwa. Waliowapinga walijibu kwamba hofu ya rubani inaonyesha tu habari alizopewa na wale aliofanya kazi miongoni mwao, na haithibitishi nani aliyefyatua. Jibu la pili ndilo lenye nguvu. Rubani aliyekaa Kanombe alisikia yaliyosemwa Kanombe. Thamani ya barua kwa mwanahistoria iko kwingine: ni kumbukumbu adimu ya mfanyakazi akiuliza maswali ambayo mwajiri ndiye aliyepaswa kuyauliza. Mtu anayeruka na mkuu wa nchi katika eneo la vita analazimika kumwandikia rafiki binafsi ili ajue kombora linaona nini. Serikali iliyotoa ndege, kampuni iliyotoa mkataba na jeshi lililolinda uwanja havionekani katika mawasiliano hayo.

Usiku wa tarehe 6 Aprili

Mkutano wa Dar es Salaam uliandaliwa na Rais Ali Hassan Mwinyi kujadili hali ya Burundi na utekelezaji wa mkataba wa Arusha. Ulichelewa kumalizika. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi aliomba kusafiri katika ndege ya mwenzake, akaingia na mawaziri wake wawili. Pamoja na Habyarimana walikuwamo mkuu wa majeshi Déogratias Nsabimana, Kanali Elie Sagatwa, daktari wa Rais na wasaidizi wengine. Abiria walikuwa 9, na wafanyakazi 3.

Baada ya saa mbili usiku ndege ilikaribia Kanombe kutoka mashariki. Makombora mawili yalirushwa. La pili lilipiga upande wa bawa la kushoto, ndege ikawaka moto na kuanguka ndani ya bustani ya makazi ya Rais. Hakupona mtu. Askari wa ulinzi wa Rais waliuzunguka uwanja, na walinda amani Wabelgiji wa Umoja wa Mataifa waliotaka kufika kwenye mabaki walizuiwa. Aliyeruhusiwa kufika usiku uleule ni Meja Grégoire de Saint-Quentin, mshauri Mfaransa wa kikosi cha miavuli, aliyekuwa akiishi kambini. Ni yeye ambaye miaka 19 baadaye, akiwa jenerali, angeongoza operesheni ya Ufaransa nchini Mali.

Kabla ya mapambazuko vizuizi vilikuwa vimewekwa barabarani. Asubuhi ya tarehe 7 Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na walinda amani 10 wa Ubelgiji wakauawa siku hiyohiyo, huku uvumi, uliokuzwa na redio RTLM, ukisema ni Wabelgiji walioitungua ndege. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo orodha, silaha na propaganda yake vilikwisha kuandaliwa, yalienea kwa muda wa takriban siku 100 na kuua zaidi ya watu milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Utafiti wowote kuhusu Falcon unapaswa kuliweka jambo hili wazi: kuijua ndege ilitunguliwa na nani si sawa na kujua mauaji ya kimbari yalitoka wapi. Waliochanganya mambo haya mawili, baadhi yao kwa makusudi, wamelifanya tukio la dakika chache kuwa kisingizio cha maandalizi ya miezi mingi.

Sauti iliyopotea

Sauti za wafanyakazi katika dakika za mwisho zingepaswa kuwapo katika kinasa sauti cha chumba cha rubani. Hatima ya kifaa hicho ni kichekesho chenye uchungu. Mwishoni mwa Juni 1994 Paul Barril, aliyekuwa kapteni wa jandarmeri ya Ufaransa, alionyesha kwenye televisheni kitu alichodai ni kisanduku cheusi cha Falcon, hakikuwa hicho. Mwaka 2004, baada ya magazeti kuandika, Umoja wa Mataifa ulikuta kinasa sauti kabatini katika ofisi zake New York, kisha baada ya kukichunguza ukatangaza kwamba hakikuhusiana na ajali ya Kanombe. Watu watatu ambao kazi yao ilikuwa kuzungumza na mnara wa kuongozea ndege hawajasikika tena.

Jalada la Paris

Hapa ndipo utata wa ajira ulipozaa matunda yasiyotarajiwa. Marais wawili na wasaidizi wao waliuawa, lakini kifo chao hakikuipa mahakama yoyote ya nje uwezo wa kuchunguza. Baraza la Usalama lilitaka ukweli ujulikane. Uchunguzi wa kimataifa haukufanyika. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga, ambao huweka taratibu za kuchunguza ajali, unaziacha nje ndege za dola. Mlango pekee uliofunguka ulikuwa uraia wa wafanyakazi. Sheria ya Ufaransa inaruhusu mahakama zake kushughulikia uhalifu uliotendwa nje dhidi ya raia wake. Mwezi Agosti 1997 binti wa rubani msaidizi aliwasilisha malalamiko, na mwaka 1998 Jaji Jean-Louis Bruguière akafungua uchunguzi.

Bruguière hakwenda Rwanda. Alitegemea mashahidi walioko nje, wengi wao wakiwa wamekosana na serikali ya Kigali, na mwezi Novemba 2006 akatoa hati za kukamatwa kwa watu 9 wa karibu na Rais Paul Kagame. Katika siku chache Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa. Rose Kabuye, mkuu wa itifaki wa Rais, alikamatwa Frankfurt Novemba 2008 na kupelekwa Paris. Kukamatwa huko, ambako wengi walikuona kama ushindi wa jalada, kuliwapa mawakili wa utetezi nafasi ya kulisoma, na jalada likaanza kuporomoka. Baadhi ya mashahidi walikana maneno yao. Uhusiano ulirejeshwa Novemba 2009.

Kamati ya Rwanda iliyoongozwa na Jaji Jean Mutsinzi ilitoa ripoti Januari 2010, ikisaidiwa na wataalamu wa makombora kutoka Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza. Ilisema makombora yalitoka eneo la kambi ya Kanombe, kwa mikono ya maofisa waliopinga mkataba wa Arusha. Septemba mwaka huo majaji Marc Trévidic na Nathalie Poux, waliolirithi jalada, walifika Kanombe na wataalamu wao. Walipima pembe, wakalinganisha mabaki, wakazingatia hata mwendo wa sauti: watu waliokuwa kambini walisikia mvumo wa makombora yakiondoka kabla ya mlipuko, jambo lisiloelekea kuwezekana kama yangerushwa kutoka kilima cha Masaka, ambako uchunguzi wa kwanza uliyaweka. Taarifa yao ya Januari 2012 ililitaja eneo la kambi kuwa ndilo linaloelekea zaidi.

Tarehe 21 Desemba 2018 majaji wa Paris walifunga uchunguzi kwa kukosa ushahidi wa kutosha dhidi ya walioshtakiwa. Mahakama ya Rufaa iliafiki Julai 2020, na mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ikakataa rufaa ya familia Februari 2022. Miaka 24 ya kazi ya kimahakama haikumtia hatiani mtu yeyote.

Ni vyema kutazama upya uzani wa mambo. Kati ya watu 12 waliokufa, ni watatu tu waliokuwa na hadhi iliyoweza kuiendesha mahakama, na hao ndio waliokuwa na uzito mdogo kabisa kisiasa. Mamlaka yaliyotokana na uraia wao yalitumika kutoa hati dhidi ya viongozi wa nchi ambayo raia wake kwa mamia ya maelfu hawakuwa na jaji wa aina hiyo. Kwa Kigali hilo lilikuwa tusi. Kwa familia tatu za Ufaransa lilikuwa haki ya kawaida: kuuliza baba au mume aliuawa na nani. Madai yote mawili ni ya kweli, na diplomasia ya 2006 hadi 2009 haikupata njia ya kuyasikiliza pamoja.

Kilichobaki kuchunguzwa

Tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert, iliyokabidhi ripoti yake kwa Rais Emmanuel Macron mwezi Machi 2021, ilifungua kumbukumbu nyingi na kusema Ufaransa ilibeba wajibu mzito na wa kutisha, ingawa haikuona ushahidi wa kushiriki kwa makusudi katika mauaji ya kimbari. Mjadala uliofuata umekuwa juu ya ikulu ya Paris, majenerali na mabalozi. Mkataba wa SATIF haukupata nafasi kubwa katika mjadala huo. Hata hivyo ni katika makaratasi ya aina hiyo, yaani ankara, bima, ripoti za usalama za kampuni na maelekezo ya wizara, ndipo swali lililoulizwa na Minaberry linaweza kupata jibu: nani alipewa habari za hatari ya makombora, na nani aliamua safari ziendelee. Wizara ya Ushirikiano iliunganishwa na Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1999, na majalada yake yanapaswa kutafutwa huko. Nchi za Afrika Mashariki ambazo sasa zinakodi marubani, mafundi na wakufunzi kupitia kampuni za kigeni zinaweza kuanza na hatua ndogo zaidi, ambayo ni kuhifadhi nakala zao wenyewe za mikataba hiyo, kwa kuwa upande wa Rwanda wa jalada la SATIF ulipitia vita.

Makazi ya Kanombe sasa ni jumba la makumbusho ya sanaa. Mgeni akizunguka nyuma ya nyumba huonyeshwa ukuta wa bustani, na ng'ambo ya ukuta vipande vya Falcon vilivyoachwa majanini palepale vilipoangukia.